Mama Khadidja Huonja Kwanza

Asubuhi, kabla malori hayajaanza kupanga foleni kwenye geti la bandari ya Bujumbura, Sijaona anakuwa ameshakaa. Ana kibao chake cha kukalia, termo mbili kubwa za chai, beseni la mandazi lililofunikwa kitambaa, na vikombe vya plastiki vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Pale hakuna anayemwita Sijaona. Wanamwita Mama Khadidja, kwa jina la binti yake. Wateja wake ni wapagazi, wale wanaoshusha saruji na sukari melini, na chai yake inajulikana kwa mambo mawili: tangawizi yake inachoma koo vizuri, na mwenyewe anaionja mbele yako kabla hajakupa.

Kuonja si mtindo wake peke yake. Huku kwetu mtu akikupa kinywaji anaonja kwanza wewe ukiona, ndipo unapokea. Maana yake, kunywa bila hofu, sikutia kitu. Watu wa milimani wanafanya hivyo na pombe yao, Waislamu wa mtaa wetu wa Buyenzi wanafanya na chai na maziwa. Siku hizi mjini wengi wanagusisha mdomo tu, au wanaacha kabisa. Mama Khadidja haachi. Anasema Bismillahi, anamimina kidogo kwenye kikombe chake mwenyewe, anakunywa, anangoja akiangalia chini kama mtu anayesikiliza mlio wa mbali. Anakunywa tena, anangoja. Mara ya tatu. Ndipo anatoa kikombe.

"Mama Khadidja, leo utatuachia, ao utamaliza termo peke yako?" Hamissi alimuuliza asubuhi moja. Hamissi ni mpagazi mrefu ambaye mdomo wake haupumziki hata akiwa na gunia kichwani.

"Ngoja zamu yako."

"Mi nangoja. Lakini sultani ndiye anaonjewa chakula. Sasa mi, mubeba saruji, naonjewa mara tatu! Wallahi nikioa tena naoa weye."

"Bibi yako akusikie, atakuonjesha mwiko."

Wenzake walicheka, na Sijaona alicheka nao, meno ya mbele tu. Kisha alionja, akangoja, akaonja.

Kwa miaka miwili sasa kila akimimina chai wazo linamjia. Linaingia bila hodi, kama mwenye nyumba: je, kama umetia sumu? Anajua hakutia. Ameona mwenyewe majani, tangawizi, sukari na maji. Lakini wazo haliulizi macho. Labda ulitia bila kujua, linasema. Labda moyoni unataka. Akionja na asianguke, moyo unatulia kwa muda wa kikombe kimoja. Kikombe kinachofuata, linarudi palepale.

Lilianza siku Révérien alipoanguka. Révérien ni mpagazi pia, na siku ile alianguka palepale na chai ya Sijaona mkononi. Hospitali walikuta malaria. Baada ya siku tano alirudi kazini, akadai kikombe kingine kwa sababu cha kwanza kilimwagika, na watu wakacheka sana. Lakini wiki hiyohiyo Sijaona alikuwa amenunua sumu ya panya, na usiku ule alishindwa kukumbuka kama alinawa mikono. Asubuhi aliitupa sumu chooni. Akatupa na termo, akanunua nyingine. Haikusaidia.

Mtu mwingine angemwambia jirani. Lakini hapa kuna neno mlozi. Mlozi ni mtu anayewatilia wenzake sumu kwenye chakula au kinywaji, na si lazima ashikwe na kitu mkononi. Jina likianza kutembea kwenye karitiye, yaani mtaani, limetosha. Sijaona alimkumbuka mama mmoja wa avenii ya pili, jinsi alivyohama mchana kweupe na godoro lake kichwani, njia nzima hakuna aliyemsalimu. Sijaona mwenyewe alikuwa mlangoni siku ile. Aligeuza uso. Hakuwa na ushahidi wowote, aliona tu kwamba mtu mwema hasemwi vile.

Kwa hiyo wazo lilipomjia, alijihukumu kwa sheria ileile. Mtu mwema hawazi hivi. Alisoma Audhu billahi mpaka ulimi ukakauka, na wazo lisipoondoka alihesabu hilo nalo kuwa ushahidi.

Na watu walimsifu! Kwenye harusi na matanga ya Buyenzi walimwita agawe vinywaji kwa sababu ana adabu ya wazee. Adabu ikaficha ugonjwa, kama kanga inavyoficha kidonda. Alirudi nyumbani kila siku tumbo linawaka kwa tangawizi, amechoka hata kuvua viatu.

Huenda angeendelea hivyo. Lakini mwezi wa pili Khadidja alipiga simu kutoka Rumonge, anakoishi na mumewe Anouar.

"Mama, nitajifungua mwisho wa mwezi wa tano. Anouar amekubali. Nikitoka hospitali nakuja kwako, nafanya arobaini yangu huko."

Arobaini ni siku zile ambazo mzazi anakaa ndani kwa mama yake, na mama anampikia uji asubuhi, mchana na jioni, ili damu irudi na maziwa yashuke. Hakuna mama anayekataa. Sijaona alisema alhamdulillahi, akakata simu, akakaa juu ya kinu.

Mumewe Chabani, ambaye ni fundi cherehani, alifurahi mpaka akapima kitambaa cha nguo ya mtoto asiyejulikana ni wa kike au wa kiume.

"Nilikuwa nasema," Sijaona alianza, "labda dada yako Raihana angempikia uji. Mi niko na kazi bandarini."

Chabani alitoa pini mdomoni. "Raihana? Wee, bandari nzima inakunywa kwako, mutoto wako anywe kwa Raihana? Watu watauliza mama yake alikufa lini."

Akacheka, akarudisha pini mdomoni. Tangu siku ile wazo lilipata sura. Zamani lilikuwa wapagazi wote. Sasa lilikuwa Khadidja, amelala kitandani, bakuli pembeni.

Ndipo akaenda kutafuta dawa, na alichagua mbali. Alipanda mpaka kituo kimoja cha afya huko Mutanga Sud, ambako hakuna mtu wa Buyenzi angemwona. Mafuta yalikuwa yamekosekana mjini, mabasi ya kuhesabu, kwa hiyo alitembea, amevaa mtandio wa kahawia ambao hauvai pengine popote. Muuguzi alimuuliza anaumwa nini. Alisema tumbo. Halikuwa uongo. Akapewa dawa ya tumbo na kuulizwa anakunywa vikombe vingapi vya chai kwa siku. Alifikiri kidogo kisha machozi yakamtoka, na muuguzi akampeleka chumba cha mwisho, kwa Consolate.

Consolate ni muganga wa mawazo, yaani mtaalamu wa magonjwa ya akili, anakuja pale kila Alhamisi. Mwanamke wa makamo, sauti ya chini, miwani imefungwa uzi. "Sema Mama, huku hakuna anayekusikia isipokuwa mi."

Sijaona aliangalia mlango. Wakati anapanda mlima alikuwa ameamua kusema. Sasa aliona kalamu mkononi mwa yule mama, aliona karatasi, akaliona neno mlozi limeandikwa kabla halijaandikwa. Pale barazani alikuwa amemsikia mgonjwa mmoja akisimulia kwamba ananawa mikono mpaka ngozi inatoka, na watu walimwonea huruma, hata wakamsogezea nafasi akae. Uchafu. Hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kuwa nalo na bado akabaki mtu.

"Naogopa uchafu," Sijaona alisema.

Ndivyo alivyoanza kutibiwa ugonjwa wa mtu mwingine. Consolate alimweleza kwamba huo ni ugonjwa unaojulikana, kwa Kifaransa unaitwa TOC, wazo linakuganda na wewe unafanya kitu kulifukuza, na kadiri unavyolifukuza ndivyo linavyonenepa. Dawa yake ni kulikaribia kidogo kidogo bila kufanya kile kitu. Akampa mazoezi: shika kitasa cha mlango, usinawe nusu saa. Shika sarafu, kisha kula ndizi. Sijaona alishika kitasa, akashika sarafu, akala ndizi. Hakuona taabu yoyote. Consolate alishangaa. "Mama, una moyo!"

Alhamisi ikafuata Alhamisi, yeye akiwa mwanafunzi bora. Wakati mwingine alijikuna mikono kidogo ili aonekane anateseka. Akishuka mlima kurudi alijidharau kuliko alipopanda, kwa sababu sasa alikuwa mlozi na mwongo pia. Bandarini vikombe viliendelea, mara tatu, siku nyingine mara nne.

Mwisho wa mwezi wa tano Khadidja alijifungua mtoto wa kiume. Angeletwa Jumapili. Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo Sijaona alipanda Mutanga Sud, akamkuta Consolate ameweka termo na vikombe viwili mezani.

"Leo tunamaliza," Consolate alisema. "Naandika kwamba umepona. Na ukikubali, siku moja uje uwaambie wenzako hapo barazani ulivyofanya. Wataona inawezekana."

Akamimina chai. Huku mkono mmoja ukitafuta kalamu chini ya makaratasi, mkono mwingine uliinua kikombe, mdomo ukagusa, kikombe kikasogezwa mbele ya mgeni. "Karibu, Mama."

Sijaona alikiangalia. "Umeonja."

"Ehe. Mama yangu angenipiga nisipoonja."

"Mara moja tu. Hata hukuangalia."

"Ulitaka niangalie nini?"

Sijaona aliona jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo kwa mwenzake, dogo kama kupangusa pua. Akaona na Jumapili. Kama karatasi ile ingeandikwa, asingekuwa tena na mlango wa kubisha.

"Muganga, usiandike. Ule uchafu nilikudanganya. Mi siogopi uchafu. Naonja chai ya watu mara tatu kila kikombe, kwa sababu naogopa nimetia sumu. Kila siku. Na sasa mutoto wangu anakuja nimupikie."

Baada ya kusema aliangalia mkono wa Consolate. Alitaka kuona kama utavuta kikombe chake upande ule mwingine. Mkono haukuvuta. Ulikaa palepale muda mrefu, kisha ukainua chai, Consolate akanywa.

"Uliwahi kutaka kumtilia mtu?"

"Apana! Mungu shahidi yangu."

"Na sumu yenyewe, uliwahi kuwa nayo?"

"Ya panya. Niliitupa chooni, mwaka wa pili huu. Mpaka leo kile choo nakiogopa."

Consolate alijizuia, lakini kicheko kilimponyoka, na Sijaona alishangaa kusikia na cha kwake kinatoka. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka, hakikwenda mbali.

"Miezi mitatu, Mama. Tumetibu ugonjwa ambao huna."

"Lakini nilipona."

"Ulipona vizuri mno. Ilibidi nijiulize." Alivua miwani, akasugua macho. "Kwa nini hukusema?"

"Mi mwenyewe nikijiangalia naona mlozi. We ungeona nani?"

Consolate alimwambia Sijaona kwamba yeye na yule mgonjwa wa barazani anayenawa mikono wanaumwa kitu kimoja, ila wazo kwa kila mtu linashika pale anapopenda zaidi. Akamwambia kwamba mlozi haunguzi tumbo lake kwa kuonja. Sijaona alisikiliza. Alitamani kuamini na hakuweza.

"Najua huniamini," Consolate alisema. "Maneno hayatatosha. Inabidi utoe kikombe bila kuonja, hofu ipande, uiache ipande mpaka ichoke yenyewe."

"Pale bandarini? Nikae miaka yote naonja, halafu leo nisionje? Hamissi atatangaza mpaka Kinindo."

Kalamu ilisimama. Hata Consolate hakuwa amelifikiria hilo. Zoezi lenyewe lingempa jina lilelile analolikimbia. Aliandika, akafuta.

"Basi bandarini onja mara moja, kama watu wengine. Na uji wa binti yako usiuonje kabisa. Lakini yeye ajue ni kwa nini."

"Nimuambie Khadidja?"

"Peke yako huwezi, Mama. Umejaribu miaka miwili."

Jumapili Khadidja alifika kwa gari ya tajiri anayemwajiri Anouar, mtoto amefungwa kwenye shuka jeupe. Nyumba ilijaa watu, Raihana akapika kwa siku ile, Chabani akambeba mjukuu kama kitambaa cha bei. Sijaona alipata nafasi ya kuponea. Lakini Jumatatu Raihana alirudi sokoni, Chabani akaenda kwenye cherehani yake, na sufuria ya uji wa mtama ikabaki jikoni ikimwangalia.

Aliupika. Aliumimina kwenye bakuli. Mkono ulishika kijiko wenyewe, akakiweka. Akaenda mpaka mlango wa chumba bila bakuli, akasimama.

"Mama, mbona umesimama kama mudai?" Khadidja aliuliza. Alikuwa amelala upande, mtoto akinyonya.

Sijaona alisema. Hakupamba. Alisema wazo, sumu, vikombe, Mutanga Sud, hata uongo wa uchafu. Alipofika kwenye maneno "na weye pia, kila siku," aliona mkono wa binti yake unamvuta mtoto karibu zaidi. Khadidja hakujua kwamba amefanya hivyo. Sijaona alijua. Kama kungekuwa na mlango mwingine angetokea huo.

Nje mtu alikuwa anapiga bati nyundo.

"Nilipolazwa Rumonge," Khadidja alisema polepole, "niliomba uje. Ukasema bandari, kazi, mafuta hakuna. Ni kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo."

"Wauguzi walitaka mutu wa kunipikia. Nililala na uji wa jirani." Alifuta macho kwa ncha ya shuka. "Mi nilidhani hunitaki, Mama."

Alikuwa amejilinda na jina la mlozi, na mtoto wake akalala hospitali akiwaza hana mama.

"Huyo muganga anasema utapona?"

"Anasema nisionje. Na hofu niiache ipande."

"Na usipoonja mi sitakufa?"

"Sijui," Sijaona alisema, kisha akajishika. "Najua. Najua, lakini haiingii."

Khadidja alimhamisha mtoto kwenye ziwa la pili. Alionekana mzee kidogo, kama wazazi wote wa siku ya kumi. "Lete uji. Huyu ananimaliza, niko na njaa."

Jikoni hadi chumbani ni hatua saba. Sijaona alizipita na bakuli mikono miwili, jasho likimtoka chini ya mtandio. Akampa. Khadidja alichota, akameza, akakunja uso.

"Hauna sukari."

"Nini?"

"Sukari, Mama. Umesahau. Uji gani huu, wa wafungwa?"

Ilikuwa kweli. Miaka miwili sukari yake ilikuwa inapimwa na hofu, leo hakuonja na hakuna aliyepima. Alileta mkebe, akatia vijiko viwili, akakoroga bila kugusisha mdomo. Khadidja akala mpaka chini, akalala.

Sijaona alikaa nje ya mlango akisikiliza pumzi. Hofu ilipanda kama Consolate alivyosema. Ila Consolate hakusema kwamba ingepanda hivyo, mpaka meno yakauma. Alichungulia mara moja. Alichungulia mara ya pili.

"Mama, nakuona," Khadidja alisema macho yamefumba. "Rudi ukae."

Alirudi akakaa. Hakujua ni saa ngapi hofu ilianza kushuka, kwa sababu alikuwa amesinzia ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kusinzia mchana tangu Révérien alipoanguka.

Jioni aliuonja uji. Mara tatu. Alijiona anafanya na hakuweza kujizuia. Jumanne asubuhi hakuonja, mchana alionja, jioni akampa bakuli Khadidja haraka kabla mkono haujapata akili.

Alhamisi alipanda Mutanga Sud. Basi halikupatikana. Alivaa mtandio wake wa kijani, ule wa kila siku, kwa kuwa wa kahawia ulikuwa umetapikiwa na mtoto. Barazani walikuwepo watu, na mama mmoja wa Buyenzi alikuwa kati yao. Yule mama aliinamisha kichwa haraka. Sijaona alitaka kugeuka arudi. Badala yake alisema salamu aleikum na kukaa karibu naye, na hakuna aliyemuuliza mwenzake amefuata nini.

"Ehe," Consolate alisema alipoingia, kalamu mkononi. "Imekuwaje?"

Njia nzima alikuwa ametengeneza jibu zuri: sijaonja hata mara moja, Muganga. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, na lingempendeza Consolate.

"Tangu Jumatatu nimetoa mabakuli kumi," alisema. "Sita nimeonja. Ine sikuonja."

Consolate aliandika sita, akaandika nne. "Haya. Tuanze na hayo sita," alisema. "La kwanza ulionja lini?"

Sijaona alivuta kiti, akaanza kumweleza.